Malaika Aliyebaki Peke Yake

Chuma cha pazia ndicho kilichowakutanisha. Mutanu alikuwa amekibeba begani akipenya Marikiti siku ya soko, wakati ambapo hata mtu mwenye mikono mitupu anaomba radhi kila hatua. Alivaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa vizuri kiunoni na raba nyeupe ambazo vumbi la Machakos lilikuwa bado halijazionea. Mama mmoja wa ndengu akamwita jina, naye akageuka kumjibu. Ncha ya chuma ikazunguka pamoja naye, na nyuma yake kitu kikapasuka kama puto.

Maji yakamrukia miguuni. Alipotazama chini akaona mwanamume mrefu mwenye shati la jinzi amepiga magoti katikati ya watu, mikono ameikunja kama anayekinga uji wa moto.

"Madam, usirudi nyuma," alisema bila kuinua macho. "Utamkanyaga."

Aliyekuwa karibu kukanyagwa ni samaki. Alikuwa bapa kama kisahani, wa rangi ya fedha, amepigwa mistari mieusi, na mapezi yake marefu yalikuwa yamenata kwenye lami. Wa pili alikuwa tayari kiganjani mwa yule mwanamume, pamoja na mfuko wa plastiki uliopasuka.

"Nitafute maji ya mfereji?" Mutanu aliuliza.

"Ya mfereji iko na dawa. Itawamaliza."

"Dukani niko na ya mvua. Ya kunyunyizia nguo nikipiga pasi."

"Basi tukimbie."

Walikimbia. Duka la Mutanu lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, limejaa mapazia kuanzia sakafuni hadi darini. Samaki wakatumbukizwa kwenye beseni la kijani. Kwa muda walilala ubavu, kisha mmoja akasimama, akafungua mapezi yake ya juu na ya chini kama mtu anayejinyoosha baada ya usingizi mbaya. Mutanu alijikuta ameshika kifua.

"Wanaitwa samaki malaika," yule mwanamume alisema. Sasa alikuwa amemtazama, na alionekana kama aliyesahau kilichomleta sokoni.

"Malaika wako na mistari kama punda milia?"

"Jiulize wewe uliyewaangusha kutoka mbinguni."

Mutanu akacheka. "Niambie basi nitakulipa nini."

"Nipe nambari yako. Nitakuwa nakuripotia hali ya wagonjwa."

Aliitwa Wesley. Kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu za visima, na kazi hiyo ilimpeleka mbali, kule Ndithini na upande wa Masinga, ambako mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Lakini kila jioni simu ya Mutanu ililia.

"Uko wapi leo, mbona upepo hivyo?"

"Nimepanda juu ya tangi la maji ndio nikupate. Umekula, mwendwa?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Chapati na maharagwe."

"Si ungekula samaki."

"Hiyo mdomo yako. Ngoja nishuke hapa."

Nyumba ya Wesley ilikuwa mtaa wa Kenya Israel, vyumba viwili visivyo na televisheni. Mahali pa televisheni palikuwa na tangi la vioo, refu kwenda juu, kwa sababu samaki malaika huhitaji kina kuliko upana. Humo waliishi, si wale wa sokoni aliokwisha kuwapeleka kwa mteja, bali Kyalo na Syombua, dume na jike aliowanunua mwaka aliomzika baba yake. Mwaka ule, alimwambia Mutanu, hakuwa na hamu ya kuongea na mtu, akawa anakaa mbele ya kioo mpaka usingizi umchukue.

"Walijichagua wenyewe," alisema. "Huwezi kumpangia dume mke. Ukimletea asiyemtaka, atampiga mpaka amuue. Lakini wakishashikana, wanataga pamoja na wanalinda mayai pamoja. Angalia vile wanapepea."

Kwenye kipande cha jiwe kilichosimamishwa ndani ya maji, mayai yalikuwa yamepangwa kama shanga. Syombua aliyapepea kwa mapezi, kisha akampisha Kyalo, naye Kyalo akashika zamu. Mutanu alitazama hadi chai ikapoa mkononi. Jioni ile ndipo alipoanza kumpenda Wesley, ingawa yeye mwenyewe alidhani anatazama samaki.

Haukupita muda Wesley akamjengea tangi nyumbani kwake na kumwekea jozi ya malaika weusi, weusi wa mkaa. Wakataga. Mara ya kwanza waliyala mayai yao, na mara ya pili vilevile. Mara ya tatu yakaanguliwa, na Mutanu akawa mama wa kundi la vitoto vyembamba kama sindano. Alivijua kimoja kimoja. Kulikuwa na kimoja kilichozaliwa bila uzi mmoja kati ya zile nyuzi mbili ndefu za chini ya kidevu, akakiita Kasee. Vilipokua na tangi likawa dogo, Wesley alivichukua akavilee kwake.

Kisha siku moja akapiga simu, sauti yake imelegea.

"Mwendwa, pole. Wale watoto wamekufa wote. Stima ilipotea, maji yakapoa."

"Hata Kasee?"

"Hata Kasee."

Mutanu alifunga duka mchana kweupe, akaenda nyumbani kulia. Aliona haya kulilia samaki, lakini alilia.

Wateja wengi hawakulijua jina lake. Kwenye mtandao, alikoweka picha za kazi yake, alijiita Madam Pazia, na ni kwa jina hilo alipigiwa simu na mwanamke wa Athi River aliyetaka pazia za sebule. Aliitwa Carol. Alikuwa mrembo aliyechoka, amevaa dera la zambarau, amefunga kitambaa kichwani, na nyumba yake ilikuwa na ukimya wa nyumba isiyo na mwanamume. Mutanu akapanda ngazi, akaanza kutundika. Alipofika dirisha la pili akaona tangi.

Malaika weusi walikuwa wakizunguka humo, wamenenepa, wameng'aa. Alihesabu kwa macho bila kutaka. Mmoja akaja mbele ya kioo kumtazama, na chini ya kidevu chake kulining'inia uzi mmoja tu.

"Samaki wazuri," Mutanu alisema.

"Si ni wazuri? Nililetewa na mume wangu." Carol alicheka, na simu yake ikalia wakati huohuo. "Ndiye huyu. Ongea haraka, mume wangu, pazia zinawekwa."

Alikuwa ameweka simu kwenye spika. Sauti iliyotoka ndani ya simu Mutanu aliijua hata usingizini.

"Sawa, mke wangu. Ijumaa nitapitia nibadilishe maji. Usiwalishe sana."

Mutanu alimaliza kazi. Alipiga pindo za pazia zikalala sawasawa, akaaga kwa adabu, akatembea hadi barabarani. Hakulia. Alihisi kitu kikishuka kifuani taratibu kama tangawizi kali, na kilipofika chini kikatulia hapo. Alijua angepigana. Angengoja tu, na angechagua mahali.

Wiki ile Wesley alikwenda Ndithini na, kama kawaida, akamwachia Mutanu ufunguo alishe samaki. Mutanu aliingia Kenya Israel na chupa ya dawa ya kung'arisha nguo ndani ya mkoba. Aliifungua kifuniko mbele ya tangi. Kyalo na Syombua wakapanda juu wote wawili, midomo wazi, wakidhani ni chakula. Alisimama hivyo kitambo, harufu ya dawa ikimchoma macho. Kisha akakifunga kifuniko.

"Nyinyi hamjanikosea," aliwaambia. "Lakini yeye ataumia."

Alichukua wavu, akamtoa Syombua peke yake, akamtia kwenye ndoo yenye maji ya tangi lile lile. Mjini, nyuma ya msikiti, aliishi Asli, mke wa mfanyabiashara wa mifugo, aliyekuwa mteja wake na mwenye tangi kubwa kuliko meza ya chakula.

"Huyu unanipa mimi, Mutanu? Ni mzuri hivi na unamtoa?" Asli aliuliza.

"Mkae naye tu, dada. Kwangu hakuna nafasi tena."

Wesley aliporudi akapiga simu kabla hajavua viatu.

"Tanu, Syombua yuko wapi?"

"Pole, mwendwa," Mutanu alisema, akiyatoa maneno moja moja kama anayehesabu dawa. "Alikufa. Stima ilipotea, maji yakapoa."

Alingoja aseme kitu, akiri, lakini Wesley alisema tu, kwa sauti ndogo, "Asante kwa kujaribu." Alipokwenda kumwona alimkuta amekaa sakafuni mbele ya kioo. Kyalo alikuwa amejibanza kwenye kona, rangi imemfifia, hataki kula. Mutanu alimpapasa Wesley kichwani na kumwambia pole, na ndani yake ile tangawizi ilikuwa tamu.

Lakini haikumtosha. Kilio cha chumbani hakikuonwa na mtu, na yeye alitaka watu waone. Kwa hiyo Wesley alipomwambia, siku zile za huzuni, kwamba nyumba imekuwa kubwa na anataka kuleta wazee, Mutanu alitabasamu.

"Walete. Mimi niko tayari hata kesho."

"Kweli, mwendwa?"

"Lete mama, lete ndugu, lete mbuzi. Tufanye ntheo kabisa."

Ntheo ni ile siku ya mbuzi, ambayo Mkamba asipoifanya hana mke hata wakizaa watoto kumi. Wageni huja na mbuzi, na binti huulizwa mbele ya wote kama anawajua. Akisema anawajua, mbuzi wanapokewa. Mutanu aliitunga sentensi yake, akaisema mbele ya kioo akijaribisha hereni: *Siwajui watu hawa. Warudi na mbuzi wao.* Aliwaona Wesley na ndugu zake wakiondoka wameinamisha vichwa, mbuzi wakivutwa kamba nyuma yao, na majirani wa mama yake kule Mumbuni wamejaa uani. Usiku alilala vizuri.

Siku ikafika. Uani kwa mama yake kulipigwa hema, na sufuria za pilau na muthokoi zikapangwa. Mutanu alivaa kitenge cha bluu cha mshono wa samaki, nywele zimesukwa juu kama taji. Hakuwahi kupendeza vile. Wesley alishuka garini na kaunda suti ya kijivu, amemshika mkono mama yake, ambaye goti lake bovu lilikuwa limesafiri naye kutoka Ndithini tangu alfajiri. Nyuma yao akashuka Carol.

Mutanu alidhani macho yanamdanganya. Kumbe hata haya hana, aliwaza. Amemleta huku.

"Ngai," Carol alisema, akamjia na mikono wazi. "Madam Pazia. Ni wewe?" Akageuka nyuma. "Mume wangu, mbona hukuniambia mke mwenzangu ndiye aliyenitundikia pazia?"

Wanawake wa upande wa Wesley wakaangua kicheko. Mama yake Wesley akampiga Carol begani.

"Msimsikize huyu," aliwaambia wenyeji. "Ni mke wa mwanangu mkubwa, Bonface. Tangu Bonface aende Qatar, yeye na shemeji yake ni utani tu. Mke wangu, mume wangu, kila siku."

Mutanu alisikia masikio yakizibwa, kama mtu aliyezamishwa majini. Alimshika Carol mkono, akamvuta pembeni.

"Wale samaki weusi," alisema. "Ulipewa vipi?"

Carol akaacha kucheka. "Bonface aliacha kupiga simu tangu Krismasi. Nilikuwa silali, sili. Wesley akaniletea wale niwe na kitu cha kuamkia. Aliniambia wewe ndiye umekubali kunipa." Macho yake yakalengwa. "Nilikuwa nangoja leo nikushukuru."

Kwa hiyo Wesley hakuwa mzinzi. Alikuwa mwongo, mwongo wa huruma, aliyeogopa kumwomba mwanamke mmoja na kumwambia mwingine la. Mutanu hakujua afanyie nini hasira yake. Ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Baba yake mdogo, Mzee Mutua, aliyekaa mahali pa marehemu baba yake, akagonga fimbo chini. "Binti yetu, njoo. Unawajua wageni hawa? Tupokee mbuzi, ama warudi nao?"

Ile sentensi ilikuwa bado imekaa ulimini, imeiva.

"Baba," alisema, "naomba niongee na Wesley kwanza."

Minong'ono ikapita hemani. Walikwenda nyuma ya nyumba. Wesley alikuwa na wasiwasi, anajaribu kutabasamu.

"Syombua hakufa," Mutanu alisema. "Nilimtoa. Yuko kwa Asli, Mjini."

Tabasamu likabaki usoni kwa muda, halafu likaondoka.

"Nilimwona Kasee kwa Carol," aliendelea. "Nikakusikia kwa simu ukimwita mke wangu."

"Ungeniuliza, Tanu."

"Ungeniambia nini? Kwamba wamekufa? Nililia kwa ajili ya wale samaki, Wesley, na wewe ulinisikia nikilia."

Wesley alitazama viatu vyake. Kisha akainua kichwa pole pole, na Mutanu akaona jinsi wazo linavyomfika.

"Na leo? Mbuzi, wazee, hii yote. Leo ulitaka kufanya nini?"

Angeweza kudanganya. "Nilitaka kusema siwajui."

"Mbele ya mama."

"Mbele ya kila mtu."

Wesley alimtazama kama anayemtafuta mtu mwingine katika uso ule. Kisha akazunguka nyumba kwa upande wa pili, akaazima pikipiki ya jirani, na mlio wake ukateremka kuelekea mjini.

Mutanu alirudi hemani peke yake.

"Bwana yuko wapi?" Mzee Mutua aliuliza.

"Ametoka kidogo."

"Ametoka? Siku ya ntheo?"

Alikaa kwenye kiti chake kilichofungwa utepe. Pilau ikapoa. Mbuzi wakalia kwenye kamba zao. Shangazi mmoja akasema, si kwa sauti ya chini, kwamba huyu ametoroka, na majirani wakaanza kusogea karibu na ua wapate kuona vizuri. Aibu yote aliyoipika kwa ajili ya Wesley, na kuionja kila usiku, sasa ilikuwa imepakuliwa kwenye sahani yake, mbele ya watu walewale.

Mama yake Wesley akanyanyuka na goti lake, akaja akasimama mbele yake. "Umemwambia nini mwanangu?"

Mutanu akasimama. Alisema yote, na alisema kwa sauti ya kufika nyuma: samaki weusi, simu ya Athi River, Syombua kwenye ndoo, na ile sentensi. Mama yake mzazi akajifunika uso kwa leso. Carol alikaa chini kama aliyekatwa miguu.

"Haya yote ni ya samaki?" mama yake Wesley aliuliza hatimaye.

"Hapana, mama. Nilimpenda, nikadhani amenifanya mjinga. Nikataka na yeye aonje."

Yule mama alimtazama sana. "Ameonja," alisema, akarudi kukaa. Hakusema nitarudi nyumbani, wala hakusema nimekusamehe. Alikaa tu, na kwa kuwa yeye alikaa, hakuna wa upande wake aliyethubutu kuondoka.

Jua lilikuwa limeanza kuinama waliposikia pikipiki. Wesley aliingia mikono yake imeroa hadi viwikoni, kaunda suti imechafuka maji. Hakuwa na ndoo wala mfuko. Alipita wazee wote akaja mbele ya Mutanu.

"Syombua ana mayai," alisema. "Asli ana dume kubwa, wameshikana. Nilitia mkono nimtoe, akaniuma." Alikitazama kidole chake. "Hajawahi kuniuma. Nikamwacha."

"Pole," Mutanu alisema, na mara hii neno lilimtoka na uzito wake wote.

Wesley aligeukia hema. Aliomba radhi kwa kuondoka. Akamwambia Carol, mbele ya watu, kwamba wale samaki hakuwa ameruhusiwa kuwatoa, kwamba alidanganya huku na huku kwa kukosa ujasiri. "Mwenye kosa la kwanza ni mimi," alisema. "Sasa mwulizeni tena."

Mzee Mutua akagonga fimbo. "Mutanu. Unawajua hawa?"

"Nawajua, baba. Wapokeeni mbuzi wao."

"Na wewe, kijana? Baada ya haya, bado unamtaka?"

Wesley aliomba maji. Akaletewa kikombe, akanywa kidogo, akapumzika, akanywa tena. Mutanu alielewa anachofanya. Alisimama akakipokea kisasi hicho kidogo mpaka tone la mwisho, maana kilikuwa haki ya Wesley.

"Namtaka," Wesley alisema, akarudisha kikombe. "Lakini leo nitakula na mama yangu."

Wanaume wakachukua visu. Vigelegele vilianza kwa kusitasita, kisha vikashika. Mutanu mwenyewe ndiye aliyepakua, akapeleka sahani kwa wakwe, akapiga goti kwa mama mkwe, kisha akamfikia Wesley.

"Kyalo atahamia kwako," Wesley alisema bila kumtazama. "Hataki kulishwa na mtu. Utakaa naye mpaka ale."

"Hata ikichukua mwaka?"

"Hata ikichukua mwaka."

"Nitakaa."

Wesley akaichukua sahani. Mama yake, ambaye alikuwa amesikia yote na alijifanya hajasikia, alisogeza kiti chake pembeni kidogo, na kati yake na mwanawe pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Mutanu aliitazama nafasi hiyo. Kisha akaenda kutafuta kiti.